Alama Aliyonayo Pacha

Kila asubuhi, kabla hajatia mkono kwenye furushi lolote, Bi Gonga alichukua mti wake wa kukorogea nguo akayagonga mafurushi ya shuka, moja baada ya jingine. Anagonga, anatega sikio, anasogea. Likilia ti, anajua humo ndani kuna mkasi au kibakuli cha chuma kilichosahauliwa wodini, basi analifungua polepole kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala. Lisipolia, analigeuza na kuligonga upande wa pili, maana yeye si mtu wa kuamini upesi. Wenzake walimcheka mpaka kicheko kikawaishia, likabaki jina.

Nguo zenyewe zilikuwa za hospitali. Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma kabisa, ukishapita jiko na jenereta, na dari yake fupi ilitona maji ya mvuke mchana kutwa. Makaro ya saruji upande huu, pipa kubwa la maji moto katikati, meza za pasi upande ule. Msimamizi wao alikaa mlangoni na kengele ya mkono. Ilikuwepo ya kuanza kazi, ya kula, ya kurudi, na nyingine ambazo hakuna aliyejua ni za nini. Walimwita Bwana Kengele, naye akadhani ni heshima.

Mti ule ulikuwa na kasoro moja: haukuweza kuisikia sindano. Mkasi utalia, koleo italia, lakini sindano iliyojificha kwenye pindo la shuka inanyamaza kimya mpaka ikutane na nyama. Ndivyo ilivyomkuta mama mtu mzima waliyemwita Shangazi, aliyefua karo moja na Bi Gonga kwa miaka mingi. Shangazi alichomwa kiganjani, akaunyonya mkono, akasema mbu wa kwake wanauma zaidi ya hapo, akaendelea kukamua. Ikapita miezi. Siku moja akafika kazini macho yamekuwa manjano kama yaliyopakwa rangi, hamu ya kula hana, miguu haimbebi. Madaktari wakasema ni ini, na kwamba ugonjwa ule huingia kwa damu ya mtu mwingine. Shangazi akapelekwa kwa wanawe, akalala huko bila kuinuka.

Madaktari wakasema na jambo jingine, na hilo ndilo lililomkaa Bi Gonga kooni kama mwiba wa samaki: chanjo yake ipo. Manesi wanachanjwa, madaktari wanachanjwa.

"Na sisi?" alimuuliza Bwana Kengele.

Bwana Kengele akaeleza kwa kirefu, mikono nyuma, kwamba wao wafuaji si watu wa hospitali, ni watu wa kampuni. Hospitali inachanja walio wake. Kampuni kazi yake ni kuleta sabuni na watu. Bi Gonga akamuuliza kama damu iliyoko kwenye shuka imeshaelezwa habari hizo. Kengele ikalia, na haikuwa saa ya kitu chochote.

Basi akakata shauri kwamba atakwenda kuchanjwa mwenyewe. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kwenda na kurudi. Kwa Bi Gonga halikuwa hivyo, kwa sababu yeye na sindano walikuwa hawapikiki chungu kimoja tangu utotoni.

Walizaliwa mapacha, yeye na dada yake, wamefanana kama shilingi kwa ya pili. Mama yao aliwatofautisha kwa kuwaita tu: anayeitikia kwanza ndiye mkubwa, anayetazama kwanza nani ameita ndiye mdogo. Walipokuwa darasa la kwanza, wachanjaji walifika shuleni. Waliweka meza kando ya ofisi ya mwalimu mkuu, wakawasha jiko dogo la mafuta, wakachemsha sindano kwenye sufuria. Watoto wakapangwa mstari. Bi Gonga hakuogopa alipoiona meza, wala alipowaona wenzake wakirudi wanalia. Kilichommaliza ni ile sufuria, sindano zikichezacheza ndani ya maji yanayotokota, zikigonga chuma kwa sauti ndogo ya furaha. Mkojo ukamtoka palepale kwenye mstari.

Pacha wake alimtazama. Hakumcheka wala hakumbembeleza. Akamwambia aende nyuma ya choo na amwachie sweta lake. Kisha akaenda mezani, akatoa bega la kushoto, akachomwa. Akazunguka nyuma ya madarasa, akafuta machozi kwa pindo la gauni, akavaa sweta la mwenzake na kujipanga upya. Jina la pili lilipoitwa, akaitika, akatoa bega la kulia. Mchanjaji alikuwa na shule nzima ya kumaliza. Alikuwa akitazama mabega, hakuwa akitazama nyuso.

Jioni ile yule dada alichemka homa, mabega yote mawili yamevimba, hata kikombe hawezi kuinua. Bi Gonga anaruka kamba uani. Mama yao akawatembelea majirani kuwaeleza kwamba huyu mdogo ana damu kali, sindano haikumwambia kitu. Ukweli ulipojulikana walikuwa wameshakuwa wasichana wakubwa, ukageuka kichekesho cha ukoo. Hakuna harusi wala msiba uliopita bila pacha mkubwa kukunja mikono ya gauni na kuonyesha makovu yake mawili, yamekaa mabegani kama vyeo vya askari. "Hili langu, hili la yule pale." Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Bi Gonga naye alicheka, lakini kwa mdomo tu.

Huyo ndiye aliyekwenda kukaa kwenye benchi la kliniki ya umma, katikati ya akina mama na vichanga vyao, mwanamke mzima mwenye nywele zilizoanza mvi, akisubiri kuitwa. Vichanga vilimkodolea macho kama vinavyomjua. Nesi alikuwa binti mdogo ambaye Bi Gonga angeweza kumzaa. Akamweleza kwamba chanjo ya ini huchomwa mara tatu: ya leo, ya mwezi ujao, na ya mwisho baada ya miezi kadhaa, na asipoimaliza asijihesabu amekingwa sawasawa. Halafu akamfunua bega, akalitazama, akamgeuza na la pili.

"Mama, mbona huna alama ya utotoni?"

"Alama yangu anayo pacha wangu."

Nesi alicheka hata akalazimika kuiweka sindano chini. Bi Gonga hakucheka. Alimwomba amchome upesi, kabla miguu yake haijafanya uamuzi wake yenyewe. Akajikaza kisabuni, macho ukutani, meno yameumana. Alikuwa bado anayasubiri maumivu wakati nesi alipomwambia ashushe mkono.

Mtu angedhani woga uliishia pale. Haukuishia. Mara ya pili alitapika nje ya geti la kliniki, akasukutua kwa maji ya bomba la kando, akaingia. Akachomwa. Akarudi karoni kabla saa ya kula haijaisha, na mtu wa meza ya pasi alipomuuliza mbona amesawijika, akasema ni mvuke.

Ilipokaribia ya tatu, nesi alimtumia ujumbe kwenye simu. Dawa ya watu wazima ilikuwa inakaribia kuisha. Iliyobaki ingetolewa Alhamisi mpaka adhuhuri, na baada ya hapo hakuna anayejua italetwa lini nyingine. Bi Gonga akaomba ruhusa Jumatatu. Bwana Kengele akasema tutaona. Jumatano akasema haiwezekani: wodi ya upasuaji imejaa, shuka zimerundikana mpaka dirishani, na wafuaji wawili hawapo. Akamwambia sindano haina haraka, aende mwezi ujao. Bi Gonga akamweleza kuhusu dawa kuisha. Akaeleza mara ya pili. Ilikuwa kama kumwelezea pipa la maji moto.

Jioni pacha wake alipita nyumbani kwake akitoka sokoni, ambako aliuza mitumba. Akaisikia habari hiyo, akapiga kofi paja lake.

"Kuna shida gani hapo? Kesho nitavaa aproni yako nikafue mimi. Huyo Kengele wako atajua nini?"

Hakuwa akitania. Na kweli, Bwana Kengele asingejua. Hata watoto wao wenyewe walikuwa wakiwachanganya. Bi Gonga alihisi neno la kukubali limeshafika kwenye ulimi. Kila mtu angebaki na chake: yeye na chanjo yake, kampuni na mfuaji wake, kazi isingepotea. Halafu akaitazama mikono ya dada yake iliyokuwa mapajani. Kamba za marobota zilikuwa zimeichanachana, vidole vina mipasuko midogo isiyopona kwa kuwa kila alfajiri kamba zinairudia. Mikono hiyo haikuwa na chanjo ya ini. Na sindano haisikiki kwenye furushi, hata ukigonga vipi.

"Hapana."

"Utafukuzwa, mdogo wangu."

"Nifukuzwe mimi. Wewe umeshachomwa vya kutosha kwa ajili yangu."

Pacha mkubwa alifungua mdomo kutoa utani, akaufunga. Akaomba maji ya kunywa.

Alhamisi Bi Gonga aliingia kazini kabla ya wote, asije mtu akasema amekimbia shuka. Alifua rundo lake lote, akasuuza, akakamua, akaanika kwenye waya za nyuma, na la mfuaji mmoja asiyekuwepo akalianza. Jua lilipopanda alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akaifuta, akamwendea Bwana Kengele pale mlangoni na kumwambia kwamba anakwenda kliniki, atarudi baada ya adhuhuri.

Wafuaji wote wakaacha kukamua. Bwana Kengele aliona wanamtazama, na sauti yake ikawa kubwa kuliko umbali uliokuwepo kati yao.

"Ukivuka kizingiti hiki, Bi Gonga, usirudi. Huko nje kuna watu wanaililia hii nafasi."

Alijua hayakuwa maneno ya kumtishia nyau. Kuna mwenzao alifukuzwa kwa kusinzia. Moyo ulimdunda kuliko ulivyowahi kudunda mbele ya sindano yoyote. Akapeleka mikono mgongoni, akafungua fundo la aproni, akaitundika kwenye msumari.

"Ukimpata wa kusimama kwenye karo langu," alimwambia, "mchanje kwanza."

Akatoka. Alipita jenereta, akapita jiko, na kabla hajafika getini alikuwa ameshaukunja mkono wa gauni mpaka begani. Nyuma yake Bwana Kengele alimwita, safari hii kwa jina lake halisi, ambalo hakuna aliyejua kwamba analijua. Bi Gonga alimpa kisogo. Akavuka barabara kuelekea kliniki, na chumba kile cha kufulia hakukikanyaga tena.