Tanuri lisilo na moto lililoniita "mume wangu"

Wakuu, salaam. Anayetafuta chai, hadithi za kutunga, apite tu, hapa naweka kilichonikuta mwenyewe.

Nafanya kazi kwenye karakana ya kuyeyusha chuma chakavu, Gerezani, mgongoni mwa Kariakoo. Zamani pale walitumia makaa ya mawe na feni ya kupuliza. Moto ulinguruma, mtaa mzima ukajua chuma kinaiva.

Bosi akaleta tanuri la umeme.

Hilo halina moto, wakuu. Ni chungu kilichozungushiwa koili, bomba la shaba lililosokotwa. Unatumbukiza vyuma, unasubiri. Vinaona haya vyenyewe: vinakuwa vyekundu, vinakuwa vyeupe, halafu vinalegea kama uji. Hakuna mwali hata mmoja. Kuna sauti tu. Linaimba, mmmm, kama mtu anayebembeleza mtoto.

Mchana mmoja, adhana ya adhuhuri ndiyo imeisha, tunalilisha vyuma mimi na Mangi, mwenzangu wa Moshi. Nikasikia sauti ya kike:

"Mume wangu, njoo."

Sijaoa. Aliyekuwa akiniita hivyo ni bibi yangu, ule utani wa bibi na mjukuu, na tulishamzika Lindi. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha: ukiitwa na usiyemwona, usiitike.

Nikaendelea kutumbukiza vyuma.

Mangi akacheka. "Kumbe una mke unatuficha? Nenda basi. Mwanaume gani wewe, unaitwa husogei."

Kwa hiyo naye alisikia.

Nikaenda mlangoni. Akanifuata, anataka kumwona shemeji. Nje palikuwa na jua na mkokoteni mtupu.

Nyuma yetu kukapasuka. Chuma kilichoyeyuka kiliruka hadi kwenye bati, kikatua palepale tulipokuwa tumesimama. Ilikuwa shokapu ya gari: imezibwa, ina mafuta ndani, na sisi tuliitumbukiza bila kuitoboa.

Bosi anasema sauti ile ni umeme kwenye koili, hubadilika vyuma vikikaa vibaya. Sawa. Umeme ulijuaje bibi alivyokuwa akiniita?

Nilichojifunza: chochote kilichozibwa, kitobolewe kwanza. Kuhusu kuitika, sina la kufundisha.

Leo tumefunga mapema. Swichi kuu nimeishusha mwenyewe, Mangi akiona. Naandika nikiwa hapa mlangoni, na Mangi ameniuliza mara ya pili, "Unasemaje?" Sijafungua mdomo.

Mliowahi kufanya kazi na matanuri haya, nisaidieni hapa chini: umeme ukishazimwa, huwa yanaendelea kuimba?