Uzito wa Jumamosi

Mama yake ndiye aliyemponza Chepkemboi. Aliwatangazia akina mama wa kanisa pale Olenguruone kwamba binti yake msomi anapima uzito wa matukio kwa kompyuta. Si uongo, jamani! Ila matukio yenyewe ni chembe zinazogongana, na kila mgongano umeandikiwa uzito wa aina nyingi. Mpimaji lazima ataje anaoutaka kwa jina. Lakini nani alikuwa na muda wa kusikiliza hayo?

Alhamisi asubuhi wakaingia nyumbani kwao Mzee Kemboi, mwenyekiti wa kanisa, na Gogo Cheptanui, bibi kizee aliyefiwa juzi. Jumamosi kulikuwa na mazishi ya mumewe Gogo, na harusi ya Fancy, mdogo wake Chepkemboi. Padri mmoja, hema moja. Mazishi yakikosa siku hiyo, marehemu angekaa mochari wiki nzima. Harusi ikikosa, Kwaresima ingeingia, basi ni hadi Pasaka.

"Tupimie tukio lipi ni zito zaidi," Mzee akasema.

"Mzee, hii ni ya chembe tu."

"Chembe, gorogoro, debe, wewe pima!"

"Na bibi harusi ni dadangu!"

"Kompyuta haina dada."

Chepkemboi peke yake ndiye aliyejua kwa nini zipu ya gauni la Fancy ilikuwa imeanza kukataa. Kufikia Pasaka, kanisa zima lingejua.

"Basi taja uzito kabla hatujaona jibu," akasema. "Ukichagua baada ya kuona, huo ni wizi."

Mzee akataja, naye akaandika: umri, ng'ombe, wageni. Lo! Marehemu alikuwa na miaka tisini na moja, ng'ombe watatu na kata nzima ya waombolezaji. Fancy alikuwa na miaka ishirini na tatu na mbuzi wawili. Kila uzito ulimzika Fancy.

Fancy mwenyewe ndiye aliyeleta chai. Harufu ya maziwa ikampiga, akaweka birika chini akatoka mbio. Wote wakamsikia akitapika nyuma ya jikoni.

"Ongeza uzito mwingine kwa hiyo orodha," Gogo akasema polepole. "Nimezaa tisa, sauti hiyo naijua. Msichana ni mzito, na nyinyi mnahesabu ng'ombe?"

"Lakini Gogo, mzee wako..." Mzee Kemboi akaanza.

"Wangu hataongezeka hata kilo. Miaka hamsini na nane nilimngoja arudi kutoka sokoni. Wacha na yeye aningoje wiki moja."

Akacheka. Halafu akalia, na Chepkemboi akafunga kompyuta akamshika mkono.