Fishi Sita za Mushaki

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyokaa nyuma ya duka moja pale Sake nikajaza fishi sita, karatasi za maswali, za watu ambao sikuwauliza neno. Unanitazama hivyo kwa nini? Ndiyo, mimi huyu, ninayekugombeza ukinakili kazi ya mwenzako. Najua sijawa mzee wa mkongojo, lakini vita vimenizeesha mapema, na kuna jambo nililoliona kwenye simu yako juzi ambalo limenitoa hadithi hii kifuani.

Ilikuwa miaka ya vita, wakati Facebook imefika milimani kwetu na kila kijana mwenye simu alijipa jina alilotaka. Mwalimu mmoja wa chuo, Papa Paluku, mtu wa upande wa Butembo, alikuwa anafanya utafiti. Alitaka kujua vijana wa kila kabila huku Masisi na Walikale wanajiitaje kwenye mtandao, kwa nini wengine wanaficha jina la nyumbani, na wanasema nini juu ya makabila mengine. Alinichukua mimi, msichana wa Kihunde niliyekuwa nimetoka shule juzi tu, nizunguke na fishi zake za maswali.

Kazi niliipenda. Nilikwenda hadi Pinga kwa pikipiki, siku mbili za matope, na kiatu changu kimoja kilibaki huko njiani. Nilikaa na vijana nisiowajua kabisa, nikauliza swali moja baada ya jingine, wakanijibu mambo ambayo nisingeyawaza. Mmoja aliniambia kwamba kwenye Facebook anatumia jina la marehemu kaka yake, ili watu waendelee kulisalimia. Nililia kidogo nikiwa naandika.

Niliporudi, palibaki Mushaki. Kutoka Sake ni kupanda tu, unafika. Huko ndiko alikokaa Dusabe, rafiki yangu wa bweni. Miaka minne tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu, mimi chini. Kwao walizungumza Kinyarwanda na walifuga ng'ombe. Kila tuliporudi kutoka likizo aliniletea fromaji, jibini ya kwao, ameifunga ndani ya kitenge, na mimi nikamletea maharage ya shamba la mama. Akicheka alifunika mdomo kwa mkono wa kushoto. Mpaka leo nikimwona mwanamke akicheka hivyo sokoni, namtazama mara mbili.

Sikupanda Mushaki. Nilijisemea kwamba barabara ina vizuizi vya watu wenye silaha, na kweli vilikuwepo, lakini pikipiki zilikuwa zinapita. Ukweli ni kwamba nyumbani walikuwa wameanza kumsengenya yeyote anayekwenda kwa "wale", na mimi niliogopa kuonekana nikishuka kutoka kule. Nikajiambia: watu hawa nawajua, maziwa yao nimekunywa, cha kuuliza ni kipi? Basi nikakaa, nikajaza. Kwenye fishi moja niliweka umri wa Dusabe, shule yake na ndugu zake saba, kwa sababu ndizo habari nilizokuwa nazo. Nilipofika kwenye swali la makabila mengine, nikaandika yale ambayo kila mtu kwetu alidai kwamba wao husema: kwamba wao na watu wa jembe kama sisi hawawezi kula sahani moja. Niliandika haraka, wala sikusita.

Wiki chache baadaye Papa Paluku aliwaita watu kwenye ukumbi wa parokia, pale Sake, awasomee alichokusanya. Hakutaja majina, alitaja umri, shule, ndugu na mahali tu. Dusabe alikuja. Aliponiona alinipungia mkono, akaenda kukaa safu ya tatu. Ikasomwa fishi ya msichana wa Mushaki, mwenye ndugu saba, na yale maneno ya sahani. Ukumbi ukaguna. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Si tulisemaka?"

Dusabe alisimama.

"Papa, uyu muntu iko mimi," alisema. "Myaka yangu, masomo yangu, ndugu zangu saba. Lakini hakuna muntu alikuya kuniuliza. Na ile maneno, mi sijaisemaka hata siku moja."

Hakugeuka kunitazama, na hapo nikajua kwamba amejua. Nani mwingine pale ukumbini aliyejua ndugu zake ni wangapi? Akachukua mwavuli wake, akatoka. Nilikuwa na mdomo na miguu kama watu wengine, lakini nilibaki nimekaa kwenye benchi.

Watu walipoondoka, Papa Paluku alipanga fishi zangu mezani.

"Mutoto yangu, izi za Pinga ziko na matope," alisema. "Izi za Mushaki ziko safi. Nilipaswa kuona mapema." Nikamwambia kwamba Dusabe alikuwa rafiki yangu wa bweni. Akasema, "Muntu wa mbali ulimuuliza. Rafiki yako ukamujibia. Kesho upande Mushaki, umuombe pardon."

Kesho yake sikupanda. Niliona aibu, nikasema nitakwenda Jumapili. Alhamisi mapigano yakafika barabarani, na hiyo Jumapili sisi wenyewe tulikuwa njiani kwenda Goma, godoro kichwani. Wengine waliniambia familia ya Dusabe imevuka mpaka, wengine wakasema iko kambini. Sikumwona tena.

Namtafuta, mwanangu. Ukiniona nimeinamia simu unadhani nasoma habari. Naandika Dusabe, wanatokea akina Dusabe wengi, na nafungua picha zao moja moja. Labda anatumia jina jingine, vijana wengi wa wakati ule walifanya hivyo. Swali la kwanza kwenye fishi lilikuwa hilo hilo, unajiitaje huko na kwa nini, na jibu lake nililitunga mwenyewe. Nimemkosa sana. Nimepata marafiki wengine, wazuri, lakini bado namtaka yule.

Juzi nikaona umeandika kwenye grupu lenu, chini ya picha ya kijana wa kabila jingine ambaye hujawahi kukutana naye: "Hao tunawajua." Nilishindwa kula.

Basi nisikilize. Kabla ya kuandika kwamba watu fulani wako hivi, tafuta mmoja wao umuulize, na umngoje amalize kujibu. Kama hukumuuliza, acha nafasi yake wazi, hakuna atakayekulaumu. Usidhani kula kwa watu ni kuwajua, mimi nilidhani hivyo. Na ukimkosea mtu, nenda siku hiyo hiyo, hata kama unaona aibu. Chukua simu sasa, ufute yale maneno, kisha umwandikie kijana yule umwombe msamaha, umuulize habari zake.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe rafiki kwenye kila mlima wa Masisi na Walikale, na akujalie uzeeke nao.