Aliyepanda Juu ya Kabati

Binti yake alipotaka kutengeneza filamu fupi ya kuchekesha kuhusu wapelelezi wawili wastaafu, Kifaru alimsimulia mkasa wa mbwa. Yeye na mpelelezi mwenzake walivunja mlango wa mwizi wa nyaya za umeme, mbwa akawarukia, na mpelelezi mmoja akapanda juu ya kabati akilia, "Mama yangu!"

"Nani huyo, baba?"

Kifaru akajibu haraka mno: ni Mpole, mwenzake wa kazi.

Leo filamu inaonyeshwa sebuleni, na ukoo mzima umeshika mbavu. Mpole amekaa pembeni, mkongojo mapajani. Kifaru anaiweka soda yake chini. Aliyepanda kabati ni yeye, mtu mzima hovyo! Mpole ndiye aliyemkabili yule mbwa, na mguu wake haujanyooka tangu siku ile.

Enzi zao mahakamani, Kifaru alikuwa akitoa ushahidi, Mpole akiuthibitisha.

"Baba mdogo," binti akauliza, akifuta machozi ya kicheko, "kweli ulipanda juu ya kabati?"

Mpole akamtazama Kifaru, akainuka taratibu, akasimama wima kama yuko mbele ya hakimu.

"Ni kama alivyosema mwenzangu."