Muuza Fimbo Anayejigeuza Samaki

Nikutegee kimoja kabla chai haijapoa. Ana ndevu nne na wala si mzee. Anakula ameinamisha kichwa, na ukimkamata, yeye ndiye anayekuburuta. Ni nani huyo?

Ukisema beberu, umekosa, nipe mji. Ni kuyu, samaki wa mtoni mwenye sharubu nne mdomoni, anayepapasa chakula kwenye mawe pale maji yanapokwenda kasi. Na mwanamke anayemjua kuyu kuliko wengi hayuko mtoni asubuhi hii. Yuko katikati ya barabara, ameviringisha uzi kiganjani juu ya kitambaa, anamvuta mwoka mikate.

Ni saa tatu. Duka lake ni chumba kimoja kati ya fundi cherehani na muuza rangi. Fimbo za kuvulia zimesimama ukutani, ndefu kwa fupi. Mwoka mikate yuko mlangoni, unga bado kwenye nyusi, ameng'ang'ania fimbo kwa mikono miwili.

"Mimi sasa ni samaki," muuza duka, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Ndoano, anamwambia. "Na umeshaniudhi."

Anageuka ghafla na kukimbia. Fimbo inakataa kupinda, uzi unakatika pu, na mwoka mikate anarudi kinyumenyume hadi anakalia ndoo. Fundi cherehani, mguu ukiwa bado kwenye pedali, anamuuliza kama samaki huyo atamkaanga au atamchemsha.

Fimbo ile aliichagua mwenyewe: fupi, nyekundu, inang'aa. Mama Ndoano hakumkataza. Hamkatazi mteja yeyote. Anamwacha achague kwa macho, kisha anatoka nje kumvuta.

"Fimbo fupi na ngumu haina huruma," anaeleza, akimpa nyingine ya futi kumi na mbili. "Kuyu akigeuka, mshtuko wote unaangukia uzi. Hii inapinda kuanzia nchani mpaka karibu na kiwiko chako. Inamchosha yeye, wewe umetulia."

Kigurudumu cha kukunjia uzi anakiweka sikioni mwa mteja na kukizungusha. Kikikoroma, kinarudi rafuni. Kisha anamwonyesha breki yake, ile inayoachia uzi kidogo kidogo samaki anapovuta. Kuna mteja mmoja aliyeikaza mpaka mwisho, akaegemeza fimbo kwenye jiwe, akaenda kutafuta kandambili yake. Aliporudi, fimbo ilikuwa inateremka na maji, imenyooka kama mtu anayekwenda kwa wakwe.

"Nilimuuzia nyingine," anasema Mama Ndoano. "Lakini nilimcheka kwanza."

Hata chubwi, ile risasi ya kuzamishia chambo, ana neno nayo. Ya mviringo hubingirika na mkondo. Ya bapa hulala ilipoangukia. Ndoano anazitaka fupi na nene, na kila moja anaijaribu kwenye ukucha wa dole gumba. Isiyokwaruza haiuzwi. Siku njema huuza fimbo mbili au tatu. Siku mbaya huuza pakiti ya ndoano, na maneno anatoa bure.

Mchezo huu wa kujigeuza samaki hakuubuni yeye. Ni wa kaka yake, mwashi aliyejenga nusu ya kuta za mtaa huu, na ambaye kila alipomaliza kazi za wiki alishuka mtoni. Kiwanda cha mbao alichofanyia kazi Mama Ndoano kilipofungwa, kaka mtu ndiye aliyemwambia wafungue duka.

"Mimi nilikuwa muuzaji, yeye samaki," anasema. "Na alikuwa na nguvu. Kuna mteja alimwangusha kifudifudi, akanunua fimbo bila kuuliza bei."

Mwaka jana kiharusi kilimpitia mwashi upande wa kulia. Mguu umerudi, anatembea. Mkono umerudi nusu. Mpira aliopewa hospitali wa kuminyaminya ameutupa uvunguni. Fimbo yake alimwambia dada yake aiuze. Mama Ndoano aliipandisha juu kabisa ya ukuta, na kila anayeiulizia huambiwa ina mwenyewe.

Kila asubuhi wifi yake humleta mwashi dukani ili asishinde kitandani. Huketi kwenye benchi la ndani, uso ukutani. Wifi ana hofu moja tu, naye haifichi: mume wake asipoutumia mkono sasa, utalala moja kwa moja, na mwenye mkono atalala nao.

Kwa hiyo Mama Ndoano amemwandalia vifaa upya. Fimbo nyepesi kuliko ya zamani, yenye mpini mrefu wa kubana chini ya kwapa. Kigurudumu kisicho na kelele. Uzi mpya. Kimebaki kitu kimoja. Kile kipini cha kuzungushia kigurudumu huweza kufungwa upande wowote, na mwashi maisha yake yote alishika fimbo kwa kulia, akazungusha kwa kushoto. Sasa je?

"Nikufungie kulia au kushoto, kaka?" alimuuliza mwezi uliopita. Hakujibiwa. Amemuuliza kila asubuhi tangu hapo, kwa sauti ileile ya kuuliza kama chai ina sukari. Wifi alimsihi afunge tu upande wowote mambo yaishe.

"Nikimchagulia, nitakuwa nimemwambia amekwisha," anasema. "Na siku akinijibu, hata kwa matusi, nitajua anakwenda. Asiyekwenda mtoni upande wa nini?" Jumamosi hii, anasema, duka halitafunguliwa. Ameshatenga viti viwili vya kukunja na ameshapachagua mahali, chini ya daraja, mto unapokata kona.

Barabarani, mwoka mikate anajaribu tena. Mama Ndoano anakimbia kuteremka kuelekea mtaroni. Safari hii fimbo inapinda vizuri, breki inalia taratibu, uzi haukatiki.

"Kuyu gani anakimbilia bondeni?"

Sauti imetoka ndani. Mwashi amegeuka kwenye benchi, anatazama nje.

"Kuyu akishikwa hupanda juu, kwenye nguvu ya maji," anasema. "Huyo unayemfundisha mwenzako ni mbuzi aliyekata kamba."

Cherehani inanyamaza. Mama Ndoano anageuka, anakimbia kupanda mlima, anahema, anavutwa hatua kwa hatua mpaka mlangoni, na mwoka mikate anapokea fimbo yake kama mtu aliyekabidhiwa mtoto.

Mteja akishaondoka, Mama Ndoano anaketi kando ya kaka yake, anafungua kitambaa kiganjani. Anachukua kigurudumu kipya na kukiweka gotini. Kipini kiko mkononi mwake.

"Kulia au kushoto, kaka?"

Mwashi anautazama mkono wake wa kulia uliolala pajani. Anaukunja, anaukunjua. Vidole viwili vinachelewa.

"Funga kulia, mdogo wangu," anasema. "Wa kushoto utamshika samaki. Huu mvivu uzungushe."