Choroko za Mama Watoto

Mama watoto aliotesha choroko jikoni kwetu miaka kumi na tisa. Mimi fundi viatu, natoka asubuhi narudi jioni. Kazi yake niliijua kwa masikio tu. Alfajiri niko kitandani namsikia: bomba linafunguliwa, chujio linagonga sinki, mlango wa friji unafungwa. Nikadhani ndiyo kazi yote.

Huu ni mwezi wa tatu tangu afariki. Aliacha choroko kavu kwenye ndoo, amezichambua mwenyewe. Sikutaka zipikwe tu ziishe. Nikasema nitaziotesha, nizipeleke kulekule alikozoea, kwa mpishi wa hospitali.

Mara ya kwanza zilipoota nikazisuuza, nikazitia kwenye kopo zinadondosha maji, nikabana mfuniko kama ninavyobana soli, nikaweka kwenye friji. Siku ya pili zinateleza, zinanuka. Mara ya pili vilevile. Mpishi akafungua kopo, akageuza uso.

"Mzee, nikiwapa wagonjwa hizi nitafukuzwa."

"Labda friji."

"Sijui. Mama hakuwahi kuniletea hivi. Leta Ijumaa. Zikiwa hivi tena nitatafuta kwingine, usinichukie."

"Sikuchukii."

Kwenye ndoo vilibaki vikombe viwili, vya kuotesha mara moja. Zikioza hizo, basi, mkono wake umekwisha nyumbani.

Jumatano asubuhi akaja shemeji, mdogo wake marehemu. Huyo mdomo haumlali. Akanikuta nimemaliza kusuuza, mikia imetoka urefu wa ukucha. Nikashika kopo.

"Unafanya nini, shemeji?"

"Naweka kwenye friji."

"Zimelowa hivyo?"

"Dada yako alikuwa anaosha, anaweka. Nilimsikia."

"Ulimsikia." Akavuta kiti, akakaa. "Wewe ukioga unavaa shati bila kujifuta?"

"Hapana."

"Na ungevaa hivyo, ukafungiwa kabatini siku mbili, si ungenuka?"

"Ningenuka."

"Haya. Na si kwamba hata sasa unanukia."

Nikacheka. Tangu msiba nilikuwa sijacheka.

Akanieleza. Dada yake alikuwa akisuuza alfajiri, anazitandaza juu ya kitambaa, anaziacha mpaka mchana, mpaka ukizishika mkono haulowi. Anatoa zilizobonyea. Anatandika kitambaa kikavu ndani ya kopo, anaegesha mfuniko bila kubana, ndipo anaweka kwenye friji. Mlango niliousikia alfajiri ulikuwa wa kutoa za jana. Mengine yote aliyafanya mimi niko kibandani kwangu. Na kitu kinachokauka hakina sauti.

Siku hiyo sikwenda kibandani. Nilikaa jikoni nikizitazama zikikauka. Ni kazi ndefu. Sikujua alikuwa anangoja hivi, peke yake, kila siku.

Ijumaa mpishi akafungua kopo. Akanusa, akatafuna moja.

"Hizi ni za mama."

"Ni zake."

"Jumatatu utaleta?"

Ndoo ilikuwa tupu. Nikamwambia nitaleta.

Nikapita dukani, nikanunua choroko. Nyumbani nikazimwaga kwenye ungo, nikakaa kuzichambua. Macho yangu hayaoni vijiwe vizuri. Mgongo unauma. Nikachambua hivyohivyo, kidogokidogo, mpaka nikachoka, nikapumzika, nikaendelea.