Maini ya Safari ya Kuruwitu

Harufu ya samli ikiyeyuka kikaangoni alfajiri hunipandisha hasira mpaka leo. Nyumbani kwetu Barani, Malindi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, harufu hiyo ilikuwa na maana moja: leo naenda kwa mama. Baba alikuwa amemwacha, naye akarudi kwao Kuruwitu, ng'ambo ya kivuko cha Kilifi. Niliruhusiwa kwenda kumwona shule zikifungwa, na siku hiyo shangazi, dada wa baba aliyekuwa akinilea, aliamka kabla ya adhana kunipikia maini ya kukaanga, mayai, mahamri yanayochuruzika mafuta na chai ya maziwa mazito. Nikisema nimeshiba, alinisogezea sahani. "Kula, mwanangu. Mamako asije akasema kwetu unalala njaa."

Yaani halikuwa tumbo langu lililokuwa likilishwa, ni jina la ukoo. Mtoto wa mke aliyeachwa hapelekwi kwa mamake na tumbo jepesi, watu watasema. Basi nilishindiliwa, nikakalishwa kiti cha nyuma kabisa cha basi, juu ya gurudumu, na shangazi akanifunika uso kwa leso nisiione barabara, eti nisipate kizunguzungu. Tukifika Gede mate yalikuwa yamenijaa mdomoni na jasho baridi linanitoka. Kabla ya Tezo nilikuwa nimetapika kila kitu, na kwenye feri, ilipoanza kuyumba, nikatapika hata nyongo. Kwa mama nilifika nimebebwa.

Mama hakuona ajabu. Alinikosha uso, akaninusisha ndimu, akanipa tangawizi nitafune polepole, kisha akanikalisha barazani nitazame mbali mpaka dunia itulie. Likizo moja ya Agosti, shangazi alipokuja kunichukua, mama alimwambia kwa adabu zote: "Wifi, nakuomba, akija tena mpe mkate mkavu tu, na akae mbele aione njia." Shangazi alitabasamu. Alirudi Malindi akiwaka, akamwambia baba kwamba amefundishwa kulea na mwanamke aliyeachwa.

Kisha akaongeza lililonimaliza. Alisema natapika nikienda tu, nikirudi sitapiki. Ilikuwa kweli, kwani siku za kurudi mama alinipa mkate mkavu na kuniombea kiti cha mbele. Lakini shangazi aliona huo ndio ushahidi: kule Kuruwitu kuna pepo, hutulia nikiondoka huko. Baba akaamini. Nilifukizwa ubani, nikaandikiwa kombe, aya zilizooshwa kwa maji, nikanywa, na safari zikakatwa. Nilimwambia baba kwamba ni yale mafuta. Akanijibu kwamba watoto hawawabishii wakubwa. Katika nyumba nzima ya watu wazima wenye akili zao, hakuna aliyefikiria kuyaondoa maini kwenye sahani.

Siku hizi Kilifi kuna daraja, na dawa ya kichefuchefu inauzwa kila duka la dawa. Wanangu husafiri na biskuti kavu na kipande cha tangawizi, dirisha wazi, macho mbele. Shangazi, ambaye sasa ni mzee, hunilaumu kwamba nawasafirisha na njaa. Ndugu zangu huniambia nimsamehe, alifanya kwa mapenzi. Huenda alinipenda. Kusifiwa alikupenda zaidi, na mimi sijamsamehe.

Utotoni niliipita njia ile mara moja tu zaidi, mwaka mmoja baada ya safari kukatwa. Asubuhi ililetwa habari kwamba mama aliugua ghafla, amefariki. Siku hiyo jiko letu halikuwashwa, wala hakuna aliyekumbuka kunilisha. Tulipanda basi la kwanza tulilolipata, na nafasi iliyokuwapo ilikuwa mbele, karibu na dereva. Niliitazama barabara yote. Sikutapika Gede, sikutapika Tezo, sikutapika kwenye feri. Nilifika Kuruwitu kwa miguu yangu mwenyewe, mzima kabisa, na mama alikuwa ameshazikwa.